Mandel Dratch na Kobe Aliyechelewa

Marehemu mume wangu alinichumbia huku akitembea. Tulikuwa tunatoka kwa shangazi yake, Bronx, njia imejaa theluji, naye yuko mbele yangu kama kawaida yake. Aliposema neno lenyewe ilibidi arudie, maana upepo ulilichukua.

"Nasema hivi, Estelle, tuoane twende California!"

"Kwanza nisubiri," nikamjibu, "halafu tutazungumza hayo ya kuoana."

Hakunisubiri. Nikaolewa naye vivyo hivyo, namkimbilia kwa nyuma.

Mandel Dratch alikuwa mtoto wa fundi cherehani aliyeshona makoti ya wanawake. Baba yake alizeekea kwenye kiti kimoja, na nadhani Mandel aliapa tangu utotoni kwamba yeye hatakaa. Chakula alikila wima. Simu aliongea akiizunguka meza mpaka waya umfunge miguu, halafu anifokee mimi nije nimfungue. Mama yangu alikuwa akisema mkwe wake ana siafu kwenye suruali, na hakuwa anatania.

Wakati wa vita jeshi lilimpa kazi ya kusimamia filamu za mafunzo, zile za kumfundisha askari kuvaa kinyago cha gesi na kutunza miguu isioze. Akarudi akijua jambo moja, kwamba filamu haitengenezwi na wenye vipaji peke yao. Lazima awepo mtu wa kutafuta pesa, kukodi farasi, kumbembeleza mwigizaji anayelia, na kuhakikisha sandwichi zinafika kabla watu hawajaanza kugombana. Huyo ndiye mtayarishaji. Jina lake hupita kwenye pazia la sinema upesi hivi kwamba hata mama yake mzazi akipiga chafya amelikosa.

Los Angeles tulipanga nyumba karibu na barabara ya Fairfax, penye mkate wa kwetu Wayahudi na matango ya siki, mtu asijione kafika ugenini kabisa. Mandel akapata kazi kwenye kampuni ya filamu za bei nafuu, zile zinazoonyeshwa mbili kwa tiketi moja. Majambazi, wapanda farasi, majambazi juu ya farasi. Alizichoka kabla ya mwaka kwisha. Jioni alikuwa akiranda sebuleni na kusema, "Estelle, nakufa mimi. Nakufa polepole." Nami namwambia afe huku akinisaidia kufuta vyombo.

Sasa, kulikuwa na mwuza mpira aliyekuwa akiiletea kampuni ile vitu vya maonyesho, nyoka bandia na mawe bandia. Siku moja akamsimulia Mandel juu ya kijana mmoja wa Glendale, mji wa jirani, fundi wa meno bandia, ambaye kila mwezi hununua mpira laini mwingi kuliko hata studio. Eti anatengeneza mazimwi gerejini kwa mama yake. Mandel hakungoja. Jumapili iliyofuata tulikuwa Glendale, mimi na kofia yangu ya kwenda kwa watu, na hata simu hatukupiga.

Einar Holmquist alikuwa mrefu, mweupe kama maziwa, na maneno yake ya kuhesabika. Mama yake, bibi wa Kiswidi mwenye masikio mazito, alituletea maandazi ya mdalasini. Einar akafunga mlango wa gereji, akatandaza shuka ukutani, akawasha mashine ya filamu.

Kwenye shuka akatokea mnyama wa pembe tatu, mkubwa kama nyumba, amelala juu ya miamba. Akafumbua jicho, akajaribu kuinuka. Mguu wa nyuma ukateleza. Akageuka akautazama ule mguu, kwa aibu kabisa, kama mzee aliyejikwaa mbele ya wageni. Akajaribu tena, akasimama, akaondoka zake. Basi. Hakunguruma wala hakula mtu.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameketi juu ya debe la rangi, andazi mkononi, hatikisi hata unyayo. Tangu nimjue sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa kidogo.

"Yuko wapi?" akauliza.

Einar akavuta kisanduku, akamtoa. Alikuwa na ukubwa wa paka. Ndani mifupa ya chuma yenye viungo, nje ngozi ya mpira. Akatuonyesha kazi yenyewe: unasogeza mguu kiasi cha unywele, unapiga picha moja. Unasogeza tena, unapiga tena. Picha ishirini na nne, hapo umepata sekunde moja.

"Hii yote imekuchukua muda gani?"

"Majira ya baridi yote."

"Yote? Kwa dakika mbili?"

"Ule mguu wa nyuma ulinisumbua," Einar akasema, kana kwamba anaomba radhi.

Mandel akaruka, debe likaanguka. "Bwana Holmquist! Wewe na mimi tutaishangaza dunia, unanisikia? Tutaishangaza!"

Mama Holmquist, ambaye hata radi alikuwa haisikii vizuri, akamwambia mwanawe, "Mwambie huyo bwana akae au anyamaze. Afanye kimojawapo."

Hivyo ndivyo walivyoanza, mtu asiyeweza kutulia na mtu asiyeweza kuharakishwa. Utaratibu wao ulikuwa mmoja miaka yote. Einar alichora kwa mkaa picha kubwa tatu: zimwi, mji, na watu wanakimbia. Mandel alizikunja kwapani akaenda nazo kwa wenye pesa kabla hata hadithi haijaandikwa. Alisimulia kwa mikono, kwa magoti, mara yeye ndiye binti mfalme, mara yeye ndiye bahari. Wengi walikubali ili tu ashuke kwenye meza yao.

Kisha tulikwenda Hispania, kusini kule kwenye majangwa, ambako jua ni la bure na ngome zipo tayari. Waigizaji walipigana na hewa, maana zimwi lilikuwa bado sandukuni Glendale. Ili wote watazame pahali pamoja, mtu mmoja alikimbia mbele yao na mti mrefu wenye kitambaa chekundu nchani, kitambaa ndicho jicho la zimwi. Mtu huyo alikuwa Mandel. Hakumwachia mwingine kazi hiyo kamwe. Namkumbuka anapanda vilima na shati limemganda mgongoni, anapiga kelele, "Niogopeni! Niogopeni, jamani, nawala!" Na mafundi wa Kihispania wamekaa kivulini wanakula mkate na nyama ya chumvi, wanacheka mpaka machozi. Sijui kama aliwahi kuwa na furaha kuliko siku zile.

Shida ilikuwa baadaye, tukirudi nyumbani. Hapo Einar alijifungia gerejini peke yake kulitia zimwi kwenye zile picha, miezi na miezi, na Mandel alikosa la kufanya. Alipanga upya makabati yangu. Alianza kujifunza fidla, akaacha. Aligombana na jirani juu ya mti wa ndimu ambao haukuwa wetu wala wa jirani.

Filamu yetu ya nne, mwanzoni mwa miaka ya sitini, ndiyo iliyotaka kuwatenganisha. Einar alikuja nyumbani na mchoro mmoja tu badala ya mitatu.

"Kobe?" Mandel akasema. "Einar, ndugu yangu, hebu niambie nimeona vibaya."

"Kobe. Mkubwa kama kilima. Analinda chemchemi ya mji."

"Zimwi linatakiwa likimbize watu! Kobe atamkimbiza nani? Konokono?"

"Hakimbizi mtu." Einar alikuwa anakoroga chai yake, hatazami juu. "Ila hasimami. Wewe unakimbia, unachoka, unalala. Unaamka, bado anakuja."

Mandel alisimama jikoni kwangu. Akajikuna mkono. "Lo," akasema taratibu. "Lo, lo, lo." Na kabla chai haijapoa alikuwa ameshavaa koti.

Hadithi ilikwenda hivi. Mji unataka maji yote ya chemchemi, unatuma vijana wamuue mlinzi. Wanamjeruhi, na mwisho kobe anarudi kufia majini, mwendo mrefu wa kupita katikati ya mji wenyewe, na watu wanafungua njia. Mwendo ule ndio uliokuwa moyo wa filamu. Einar alitaka uwe wa dakika nne nzima, bila neno hata moja.

Kampuni iliyotupa pesa ilikuwa imepata mkubwa mpya, Bwana Thurlow, aliyetoka kwenye biashara ya sabuni na hakuwa mtu mbaya, ila hakuona sababu ya kitu chochote kuchukua muda. Kila asubuhi simu.

"Dratch, kobe wangu yuko wapi?"

"Anakuja, Bwana Thurlow. Anatembea."

"Mwambie apande teksi. Nataka filamu kabla ya likizo ya shule. Au mvalishe mtu vazi la mpira atambae, tumalize."

Mandel alicheka kwenye simu, akiiweka chini uso umemshuka. Hakulala vizuri. Akaanza kwenda Glendale kila siku, jambo ambalo walikubaliana zamani asilifanye, maana sakafu ya gereji ilikuwa ya mbao na kila hatua yake iliitikisa meza. Einar alimruhusu kwa sharti la kusimama kwenye kona na asisogee.

Mimi sikuwepo, lakini wote wawili walinisimulia, na kwa mara hiyo moja hadithi zao zililingana. Kobe alikuwa ameanza kupandisha ngazi za soko, akiburuza mguu uliovunjika. Kazi ya juma zima, na kazi ya namna hiyo haikatizwi, lazima iende mpaka mwisho bila taa wala kamera kuguswa. Mandel kasimama konani. Akatazama saa. Akakumbuka Thurlow. Akageuka tu, basi, kugeuka tu, na kiwiko chake kikaipiga taa. Taa haikuanguka. Ilizunguka kidogo, kivuli cha kobe kikahama kutoka kushoto kwenda kulia, na juma zima likaenda na maji.

Einar hakupiga kelele. Alizima taa zote, moja moja.

"Nenda nyumbani, Mandel."

"Einar, mimi..."

"Nenda. Usirudi mpaka nikuite."

Mandel alirudi nyumbani kwa miguu. Kutoka Glendale! Gari alilisahau mlangoni kwa watu. Alipoingia alikaa kwenye ngazi, akaniambia, "Nimemuua kobe wa watu, Estelle," nami nikadhani amegonga mnyama barabarani.

Kesho yake alivaa suti akaenda kwa Thurlow. Hakuniambia alichozungumza. Niliona tu kwamba ametoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia, siku baada ya siku, na nguo zake zinanuka mpira na jasho. Nilimuuliza, akanijibu, "Kazi." Mume wangu, ambaye hata kununua viazi alikusimulia kwa sura tatu, ananijibu kwa neno moja! Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe nililisoma kama alivyolisoma Einar, kwenye gazeti la watu wa filamu. Mandel Dratch anatayarisha filamu mpya ya mjusi wa ziwani, na mjusi mwenyewe ni mtu aliyevaa vazi la mpira.

Jumamosi hiyo nilimpakia Mandel ndani ya gari kwa nguvu nikampeleka Glendale. Sikutaka wamalizane kwa magazeti. Einar alikuwa uani, anaanika ngozi ya kobe kivulini. Alipotuona alisimama wima, na nikaona jinsi alivyokonda.

"Umeuza jina letu," akasema.

"Nimeuza langu!"

"Miaka kumi tunawaambia watu hatuvalishi mtu gunia. Miaka kumi, Mandel."

"Thurlow alitaka kukunyang'anya kobe! Unasikia wewe? Alikuwa na mkasi mkononi! Ule mwendo wako wa dakika nne angeukata ubaki kama mkia wa sungura. Nimempa mjusi wake ili akuache. Nimekununulia majira ya kiangazi yote, wewe mzungumzaji mkubwa!"

Mama Holmquist alitoka jikoni na kitambaa mkononi. "Kumbe ni yule bwana wa kelele," akasema. "Nilidhani moto."

Einar akamgeukia Mandel.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi ndiyo maana."

Kuku wa jirani walikuwa wanapiga kelele. Einar akaigeuza ile ngozi, akaipapasa kama inauma.

"Yule mtu ndani ya mjusi," akauliza mwishowe, "anapumulia wapi?"

"Kuna tundu shingoni."

"Maskini."

Hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yao. Hawakukumbatiana, si watu wa hivyo. Tulikula samaki wa siki wa Mama Holmquist na viazi, Mandel akala amesimama mlangoni, na gereji hakuikanyaga.

Mjusi alitoka kwanza. Watoto walimcheka, walimrushia bisi, na wakarudi juma lililofuata wamcheke tena. Thurlow alikuwa anameremeta. Kwenye mikutano alimshika Mandel bega na kumwita "baba mjusi", na Mandel alitabasamu kama mtu anayekanyagwa kidole.

Kobe alimalizika masika. Tulimwonyesha kwanza Pasadena, kwenye senema ya kawaida, watu hawakuambiwa wanakuja kuona nini. Einar alikaa kati yangu na mama yake. Mandel alikuwa huku na huku, mara mlango wa kushoto, mara wa kulia, anatazama nyuso za watu badala ya pazia. Kobe alipoanza kupita sokoni, mtoto mmoja mbele yetu akacheka. Halafu akaacha. Ukumbi mzima ukanyamaza, nikasikia hata feni. Kobe alisimama mbele ya kijana aliyemchoma mkuki, akamtazama, akaendelea. Mama Holmquist alinishika mkono akauliza kwa sauti yake ya kiziwi, "Mbona hawamsaidii?" na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ningependa kusema filamu ile ilivuma. Haikuvuma. Thurlow aliiweka kuwa ya pili baada ya filamu ya wasichana wanaoteleza juu ya maji, na watu wakija kuwaona wasichana hawangoji kobe. Ilidumu majuma machache ikatoweka. Mjusi aliingiza pesa mara tatu zaidi. Mandel alipozipata habari hizo aliendesha gari hadi mpaka wa Mexico akarudi, bila kushuka. Einar yeye alisema, "Nimeiona kwenye pazia kubwa. Inatosha," akaanza kuchonga mbawa za kiumbe kingine.

Walifanya filamu nyingine tatu pamoja. Moja ilitupatia nyumba tuliyozeekea. Kisha zama zikageuka, watu wakataka vyombo vya angani na miale, na wakubwa wa studio wakawa vijana wasio na tai. Waliongea na Mandel kwa heshima iliyomchoma kuliko matusi. "Mzee, sisi tumekua tukitazama kazi zenu." Wanamletea kahawa, wanaitazama michoro ya Einar, wanasema maridadi sana. Kisha wanamsindikiza mpaka kwenye lifti. Alikuwa akirudi nyumbani na kulipiga teke bomba la maji ya bustani. "Wananiamkia kama maiti," akasema. "Bora Thurlow. Thurlow alinitukana."

Vidole vya Einar navyo vilianza kuvimba kwenye viungo. Alimzika mama yake, akauza ile nyumba, akahamia karibu na dada yake Oregon. Mandel alimpigia simu kila Jumapili na kumpa mawazo mapya ya filamu, na Einar alimsikiliza mpaka mwisho.

Kobe alikuwa amepata maisha mengine ambayo hatukuyatarajia. Televisheni zilimnunua kwa bei ya kutupa, zikamwonyesha Jumamosi asubuhi mwaka baada ya mwaka, na watoto waliokula uji wao mbele yake walikuwa sasa watu wazima. Mmoja wao alikuwa na senema ndogo huko Bakersfield. Alitupigia simu kusema anamwonyesha kobe kwenye pazia kubwa, je, Bwana Dratch atakuja?

Tulikwenda, joto kali, Mandel ana miaka sabini na kitu na fimbo. Ukumbi ulikuwa umejaa robo tatu. Alikataa kiti, akasimama nyuma, anahama kutoka nguzo hii kwenda ile, mpaka jamaa mmoja akageuka. "Mzee, samahani, unaweza kukaa? Unatusumbua."

"Mimi ndiye niliyeitayarisha hii!"

"Hongera, mzee. Lakini kaa."

Hakukaa. Ila alivua viatu, akaendelea kuranda na soksi. Mwendo wa sokoni ulipokwisha aliniwahi mlangoni, akakimbia, nasema akakimbia, mpaka kwenye simu ya barazani.

"Einar! Ni mimi! Wamelia! ... Hapana, si wote, kuna mmoja wa safu ya tatu anakula. Lakini mkewe analia! ... Eeh. Sauti ni nzuri. Wameipaza kidogo... Nitamwambia apunguze. Sikiliza, Einar, sikiliza sauti ya watu," akauelekeza mkono wa simu kwenye mlango wa ukumbi, ambako watu walikuwa wanaanza kupiga makofi, na akabaki ameunyoosha hivyo mpaka nikaenda kumshikia.

Jua lilikuwa bado juu tulipoondoka. Mwenye senema alituambia kuna rafiki yake Fresno mwenye ukumbi mkubwa zaidi, na Mandel hakutaka hata kula kwanza. Aliendesha mwenyewe, haraka mno, huku akinieleza juu ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mkunga mkubwa anayeishi chini ya jiji, kwenye mabomba. Filamu ndogo tu, ya bei nafuu. Mkunga hana miguu, kwa hiyo vidole vya Einar visingeumia sana, au mimi naonaje?

"Naona lori, Mandel," nikamwambia. "Tazama barabara."